Elimu ya Muziki ni Nini?

Wako watu waliosoma ambao hudhani kwamba elimu ya muziki ni kusoma noti tu. Sivyo. Noti ni maandishi. Elimu yenyewe ni kujua jinsi sauti za juu na za chini zinavyopatana, na jinsi mapigo yanavyofuatana.

Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akanasa nyimbo zao kwa mashine. Mmoja wao, Chemirocha, ulichukua jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyejulikana huko kwa santuri. Jina lilikuwa geni, lakini kinubi kilichofuatana na wasichana waimbaji, yaani chepkong, kilikuwa cha wenyeji.

Mpiga chepkong hukaza uzi mmoja mmoja, akisikiliza, mpaka zote zipatane. Hana kitabu, lakini uzi ukikosea hutambua mara moja. Je, hiyo si elimu?

Basi kijana na ajifunze noti, ni jambo jema. Lakini na aketi pia karibu na mzee mwenye chepkong, amwulize. Kitabu kikipotea hununuliwa kingine. Sikio la mzee haliuzwi dukani.