Kona ya Utulivu: Mtoto Ashike Swichi Mwenyewe

Wazazi wenye mtoto mwenye usonji wanalijua jambo hili. Mashine ya kusaga ikiwashwa jirani, mtoto huziba masikio na kulia; sare ikimkwaruza shingoni, huivua mbele za watu. Majirani husema amedekezwa. Sivyo. Sauti, mwanga na mguso humfikia kwa nguvu kupita kiasi, au pengine kwa uhafifu mno hata akatafuta kuzunguka na kujigonga. Tangu mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unalihesabu jambo hilo miongoni mwa dalili za usonji.

Huko Uholanzi, katika miaka ya 1970, Jan Hulsegge na Ad Verheul wa kituo cha De Hartenberg, mjini Ede, walianza kutengeneza vyumba vya hisia kwa watu wenye ulemavu wa akili: taa hafifu za rangi, muziki wa taratibu, vitu laini vya kushika. Waliviita Snoezelen, neno lililoundwa kwa maneno mawili ya Kiholanzi, la kunusanusa na la kusinzia. Vyumba hivyo vimeenea nchi nyingi, na vifaa vyake ni ghali.

Hapo ndipo nina neno. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto 41 wenye usonji, wa miaka 4 hadi 12. Mtoto aliyeruhusiwa kuwasha na kuzima vifaa mwenyewe alizingatia zaidi, na miendo yake ya kurudiarudia ilipungua.

Basi familia isisubiri mfadhili alete taa. Kona ya chumba yatosha: pazia la kanga, mkeka, godoro kuukuu, tochi ambayo mtoto anaiwasha mwenyewe. Haitaondoa usonji, lakini itampa pumziko. Mtazameni kwanza, maana kinachomtuliza mmoja humkera mwingine. Asiyependa kuguswa asilazimishwe.

Ila kona hiyo isigeuzwe mahabusu. Ziko nyumba ambako mtoto hufungiwa chumbani kila wageni wanapokuja, na komeo liko nje. Huko ni kumficha, tusikuite tiba. Aingie apendapo na atoke apendapo, hata siku ya posa ya dada yake. Na mgeni akiuliza mtoto yuko wapi, aambiwe: anapumzika, akitaka atakuja.