Mshahara wa Mjini na Bahati ya Kuupata

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Neno hili lawafaa vijana wanaofunga mizigo kwenda mjini kutafuta kazi. Lawafaa pia wale walio kazini tayari, ambao hutaka kuhama kwa kusikia tu kwamba mwajiri mwingine alipa zaidi.

Zamani katika Kenya kuhamahama kazini kulikuwa jambo la kawaida. Mtu alifanya kazi miezi michache, akarudi kwao kulima, kisha akatafuta kazi kwingine. Waajiri wengi waliuita uvivu. Lakini mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilionyesha sababu nyingine: mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mtu asiye na mke wala watoto. Mwenye jamaa hakuweza kukaa nao mjini kwa mshahara huo, basi hakuwa na budi kurudi kwao. Kamati ikashauri mshahara upandishwe hatua kwa hatua, hata umtoshe mtu mwenye jamaa.

Mishahara ilipopanda, watu walitulia kazini. Jambo hilo lilikuwa jema, ila lilizaa jingine. Nafasi iliyokuwa ikiachwa wazi mara kwa mara haikuachwa tena, na mwajiri aliyelipa zaidi alihesabu watu wake kwa uangalifu. Aliyefika nyuma alikuta lango limefungwa.

Mwaka 1964 lilifanywa jaribio kubwa la kulifungua lango hilo. Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana. Serikali iliahidi kuongeza watu 15 kwa kila 100 iliokuwa nao, na makampuni watu 10 kwa kila 100. Vyama navyo viliahidi kutogoma wala kudai nyongeza kwa muda wa mwaka mmoja. Habari zilipoenea, watu zaidi ya 200,000 walijiandikisha, na wengi wao hawakupata kazi yo yote.

Mwaka 1970 wataalamu wawili, John Harris na Michael Todaro, walieleza kwa nini mambo huenda hivyo. Mtu haendi mjini kwa ajili ya mshahara peke yake, bali hupima mshahara pamoja na bahati ya kuupata. Chukua mfano: shamba lampa mtu shilingi 100 kwa mwezi, na kazi ya mjini yalipa 200. Ikiwa katika kila watu 10 wanaotafuta ni 4 tu wapatao, basi safari hiyo thamani yake si 200, bali ni 80, nayo ni pungufu ya shamba. Kazi zikiongezwa mjini bahati huonekana kubwa, na watu huja wengi kuliko kazi zenyewe. Kwa hiyo dawa moja ya upungufu wa kazi mjini iko mashambani, yaani bei nzuri ya mazao, barabara na maji.

Hesabu hiyo haijazeeka. Leo katika Kenya, kuwaacha wakulima wadogo, wafanyakazi walio wengi wamo katika kazi za jua kali, wala si katika maofisi na viwanda vikubwa. Basi kijana anayeaga nyumbani yafaa aulizwe mambo mawili: kazi hiyo yalipa nini, na je, ni wangapi wanaoingoja? Na karani anayetaka kuhama asiandike barua ya kuacha kazi kabla hajaishika mkononi barua ya kuajiriwa. Tena aisome vizuri, ajue kama kazi ni ya kudumu au ya muda, kisha atoe kodi ya nyumba na nauli katika mshahara huo mpya. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na alicho nacho.