Kunguru wa Feri

Mwezi huu tumepata barua ya mwalimu mmoja ambaye shule yake haiko mbali na Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam. Asema kunguru wamemshinda. Watoto wakitoa maandazi wakati wa mapumziko hunyang'anywa mkononi, na vifaranga wake 12 wamesalia 3. Kwa hiyo ataka kununua sumu ya panya, aichanganye na matumbo ya samaki, aitupe nyuma ya jiko. Auliza, je, ni vema?

Bwana Mwalimu, usifanye. Lakini hasira yako ni ya haki, nasi tutakujibu kwa urefu kidogo.

Ndege huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa nchi hii. Kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, tena kwa kusudi, ale takataka za mji. Kazi hiyo aliifanya, kisha akaongeza na asiyotumwa. Hata kufika mwaka 1917 serikali ya Unguja ilikuwa ikimhesabu kuwa mharibifu, ikatoa zawadi kwa waliomwua. Akavuka bahari, akaenea pwani; Mombasa alionekana mwaka 1947. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kola nyeupe, amesukumwa nje ya mji, na chozi na mnana hawapati kulea, maana mayai na makinda yao huliwa.

Wazee walisema kunguru hafugiki. Mimi naona huyu tumemfuga sana, ila hatukumjengea banda. Wenye elimu ya ndege husema kwamba hakai mahali pasipo watu. Nenda Feri asubuhi baada ya mnada ukajionee. Wapaa samaki wamekaa safu, magamba yaruka, matumbo yaanguka chini. Na juu ya mabati kunguru wamejipanga kama abiria wangojao pantoni ya Kigamboni. Mama mmoja akaangaye samaki pale aliniambia, "Mwanangu, hawa wajua saa kuliko mimi." Karai lake hulifunika kwa ungo, na fimbo haimtoki mkononi. Jioni ndege wale wale huenda kwenye majaa ya Kariakoo, penye mboga zilizooza na makombo ya wauza chakula.

Kuwaua kumekwisha jaribiwa. Iko sumu iliyotengenezwa Marekani, iitwayo Starlicide, ambayo huharibu figo za ndege. Kunguru aliyeila hufa baada ya siku moja au mbili, mbali na pale alipokula, hata wenziwe wasishuku kitu. Tena huvunjika upesi mwilini mwake, basi alaye mzoga hana hatari kubwa. Iko na mitego mikubwa ya waya, ambamo kunguru hai huwekwa pamoja na chakula na maji, awavute wengine. Unguja walifanya kazi hiyo katika miaka ya 1990, kunguru wakapungua sana. Kazi ilipolegea, wakarudi. Dar es Salaam nayo ilitega na kutia sumu, na leo waona mwenyewe. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza kusudi la kuua milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Mimi sikatai mitego, maana wamezidi mno. Lakini jaa likibaki wazi, wale waliosalia hurithi chakula cha waliokufa, hutaga mayai matatu hata matano, na kulea makinda kwa shibe.

Wako wasemao, "Mwacheni, nani mwingine atakula uchafu wa Feri?" Neno hili lina ukweli kidogo, na ndilo linalonikera: mji mzima umemwachia ndege kazi ya ufagio.

Sasa sumu yako ya panya. Hiyo haichagui. Paka ataila, mwewe atakula mzoga, na mtoto wa darasa la kwanza aweza kuokota pande la samaki. Hata ile ya Marekani si ya kushikwa nyumbani. Ni ya watu waliofundishwa, chini ya maofisa wa wanyamapori.

Fanya hivi. Watoto wale ndani ya darasa, na pipa la taka liwe na mfuniko mzito. Vifaranga wafunike kwa tenga mpaka wapate manyoya ya kutosha. Mwembe wa shule utazame: ukiona kiota cha vijiti na vipande vya waya, mtu mzima apande akishushe kabla mayai hayajaanguliwa. Atajenga tena, nawe shusha tena. Na yale matumbo uliyotaka kuyatia sumu, yachemshe, yaanike juani chini ya wavu, yatwange, uchanganye na pumba. Wale vifaranga 3 wakikua, watakula.