Siku 60 Ambazo Worldcoin Haikusubiri

Mei 5, 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliiamuru kampuni ya Worldcoin ifute data za macho ya Wakenya ndani ya siku 7. Tangu hapo wapo wanaolalamika kwamba nchi inafukuza wawekezaji. Malalamiko hayo hayana mashiko. Kama uamuzi wa Jaji Roselyne Aburili una la kulaumiwa, ni kwamba ulikuja karibu miaka miwili baada ya foleni za KICC, jumba la mikutano la Nairobi.

Foleni zile kila mtu aliziona. Mwishoni mwa Julai 2023 vijana walijipanga nje ya jengo hilo, kila mmoja akingoja zamu yake ya kukodolea macho tufe la chuma linalong'aa ili mboni zake zipigwe picha. Malipo yalikuwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban Sh7,000. Serikali iliposimamisha shughuli hiyo Agosti 2, zaidi ya Wakenya 350,000 walikuwa wameshajisajili.

Waanzilishi wa mradi huo wa Worldcoin, akiwemo Sam Altman wa OpenAI, wana hoja yao: akili unde ikishaweza kujifanya mtu, sharti ipatikane njia ya kumtambua binadamu halisi mtandaoni. Na Kenya inahitaji mitaji, hilo halina ubishi.

Lakini sheria haikukataza hata moja kati ya hayo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshughulikia data zenye hatari kubwa kwa haki za watu afanye kwanza tathmini ya athari, na ripoti yake imfikie Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kazi kuanza. Siku 60! Hiyo ni miezi miwili ya kujibu maswali ambayo mfanyabiashara makini angekuwa ameshajiuliza mwenyewe: data zinahifadhiwa wapi, nani ana ruhusa ya kuzifungua, zitafundishia programu gani, na mtu akibadili nia zinafutwaje. Asiyeweza kuyajibu hana bidhaa; anabahatisha kwa macho ya watu.

Sasa tupige hesabu. Mei 2023 ofisi ya Kamishna Immaculate Kassait iliitaka kampuni iache kukusanya data, nayo ikaendelea. Ikafuata amri ya serikali, kisha kamati ya Bunge, kisha jalada la wapelelezi lililofungwa Juni 2024, pamoja na kesi ya shirika la Katiba Institute. Mwisho wake mahakama ikaona kwamba hapakuwa na tathmini inayokidhi sheria, wala ridhaa halali, kwa kuwa watu walishawishiwa kwa malipo. Kampuni iliruka miezi miwili ya makaratasi ikaambulia miaka miwili ya misukosuko, na data ilizozitafuta kwa gharama zikaamriwa zifutwe. Nani basi aliyeua ubunifu hapo, sheria au pupa?

Wanaosema Kenya ni kali wachungulie nje. Hispania ilisimamisha ukusanyaji huo Machi 2024. Brazili, Januari 2025, ilipiga marufuku kuwalipa watu ili wapigwe picha za macho. Mbona huko hatusikii kilio?

Na hapa nyumbani, Septemba 2023, Kassait aliitoza klabu ya Casa Vera Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na Roma School Sh4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizochapishwa bila ridhaa ya wazazi. Hakuna aliyesema baa na shule zinafukuzwa nchini. Mwenye klabu akikosea hulipa. Kampuni ya mabilioni ikikosea inaombewa huruma kwa jina la maendeleo. Huo ni upuuzi.

KICC ni mali ya umma. Sharti moja dogo lingetosha: anayetaka kukusanyia data za watu kwenye uwanja wa serikali aonyeshe kwanza barua ya Kamishna inayothibitisha kwamba ripoti yake imepokelewa na siku 60 zimetimia. Hilo halihitaji muswada wala kamati nyingine ya Bunge. Meneja wa jengo anaweza kulianzisha Jumatatu.