Alama ya Mzinga na Alama ya Chupa

Juma lililopita niliomba ruhusa ofisini nikaenda kutazama soko la asali huku kwetu Kitui. Wazee walikuwa wameleta mizinga ya magogo, iliyochongwa kwa tezo, ili vijana waione. Kila mzinga ulikuwa na alama ya ukoo. Hapo zamani mpita njia akiona mzinga mtini alijua mara moja ni wa ukoo gani, wala hakuthubutu kuugusa, kwa maana kuiba asali kulikuwa kosa kubwa kwa Wakamba. Asali iliingia katika mahari, na katika uki walionywa wazee barazani.

Nikiwa hapo, mama mmoja alimrudishia kijana chupa ya asali. “Imeganda,” alisema, “basi ni sukari.”

“La, mama, ni asali tupu,” akajibu kijana. Lakini mama hakusadiki, kwani alikwisha kudanganywa na wengine. Alirudishiwa fedha zake akaenda zake.

Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza akamwambia kijana, “Mwanangu, asali ya kweli nayo huganda. Lakini mzinga wangu una alama. Je, chupa yako ina alama gani?” Kijana akanyamaza.

Ndugu zangu, neno la mzee yule lafaa tulitafakari. Ni kweli kwamba asali safi huganda, hasa penye baridi, nayo chupa ikiwekwa katika maji ya vuguvugu hulainika tena. Vilevile kuijaribu asali kwa kiberiti au kwa tone katika maji si ushahidi wa kutosha. Wenye vyombo vya kupimia ndio wawezao kusema hakika. Kwa hiyo mnunuzi hununua jina la muuzaji kabla ya kununua asali.

Basi na tulilinde jina hilo. Tukate masega yaliyokwisha kufunikwa na nyuki kwa nta, kwa sababu asali isiyoiva ina maji mengi na huchacha upesi. Kipimo cha mataifa ni maji yasiyozidi sehemu 20 katika 100. Mzinga wa mbao wenye vipande vya juu, uliobuniwa hapa Kenya katika miaka ya 1970, hurahisisha kazi hii, kwani mtu huinua sega moja moja akaacha yenye watoto wa nyuki. Tuchuje kwa kitambaa safi, tusichanganye kitu chochote, kisha tuandike juu ya chupa jina letu, mahali petu na tarehe ya kurina.

Wahenga walisema kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Lakini aliyeonjeshwa sukari badala ya asali harudi tena, naye humwadhibu hata asiye na hatia. Babu zetu hawakuona haya kutia alama yao juu ya mti porini. Mwenye asali safi aona haya gani kuitia juu ya chupa?