Mtoto wa SS: tumuulize yeye mwenyewe

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba tunaijua wote hapa Makomeno. Nyumba yenye mtoto wa SS hailali, maana baridi inaita krizi.

Hospitali wanapima hemoglobini, wanahesabu mara ngapi ameongezwa damu na siku alizolazwa. Ni lazima. Lakini namba hizo hazisemi kama mtoto anacheza, wala kama kule masomo wanamcheka kwa macho yake ya manjano.

Kuna kipimo cha mambo hayo pia. Kinaitwa PedsQL, kilitengenezwa Marekani na James Varni. Ni maswali 23 juu ya mwili, moyo, wenzake na masomo. Majibu yanageuzwa kuwa pointi, 0 mpaka 100. Zikipanda, maisha ni mazuri zaidi. Baadaye yaliongezwa maswali 43 ya SS peke yake: maumivu, woga, hata namna ya kusema na munganga.

Linalotugusa sisi ni hili: kuanzia miaka 5 mtoto anajibu mwenyewe, mzazi anajaza karatasi yake mbali. Mara nyingi majibu hayafanani. Mama anahesabu krizi zilizofika hospitali; mtoto anahesabu na zile alizonyamazia. Ananyamaza kwa sababu anaona baba anavyotafuta franga. (Wa miaka 8 anajua hesabu ya nyumba kuliko tunavyofikiri.) Na homa au kifua kuuma kwa mtoto wa SS si jambo la kungoja asubuhi.

Basi tuchukue kaye. Kila siku ya posho jioni, mkiwa wawili tu, muulize: usiku ngapi maumivu yalikuamsha? Siku ngapi hukuenda masomo? Mara ngapi uliacha mchezo? Usimjibie, usimkaripie. Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Kaye hiyo umpelekee munganga. Inamsaidia hata katika kuamua juu ya idroksiurea, dawa iliyojaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Angola, Kenya na Uganda; matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha krizi zinapungua, na vifo pia. Munganga atauliza krizi ni ngapi, na kichwa cha mama aliyechoka kinasahau.

Mdogo asiyejua kuhesabu achore uso: unaocheka, wa katikati, au unaolia.