Siasa Kali Ni Ipi?

Siku hizi mtu akiuliza swali mara mbili kwenye baraza anaambiwa, "Wewe una siasa kali!" Hata hapa Habaswein neno hilo tunarushiana kama mpira. Je, tunalielewa? Radikali limetokana na neno la Kilatini, radix, yaani mzizi. Basi kwa asili yake mwenye siasa kali ni yule asiyetosheka na kupogoa matawi. Anataka kujua taabu ilianzia wapi. Kwa maoni yangu hilo si kosa.

Tusiende mbali. Mwaka wa 1962 Waingereza walituma tume kuwauliza wakaazi wa huku Kaskazini wanataka nini. Wasomali wengi wakajibu kuwa wanataka kuungana na Somalia, na chama cha NPPPP kikasema hivyo wazi wazi. Ombi halikukubaliwa. Vita vikazuka mwaka wa 1963, na waliobeba bunduki wakaitwa shifta, maana yake majambazi. Ukishamwita mtu jambazi huna haja tena ya kujibu swali lake! Mapatano yalifanyika Arusha mwaka wa 1967, lakini sheria ya hali ya hatari ilitukalia mpaka 1991. Hapo katikati, Februari 1984, wanaume walikusanywa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na wengi wakauawa na askari wa serikali. Sasa niambieni, siku hiyo mkali alikuwa nani?

Hata hivyo, siafikiani na wenzangu wanaosema eti kwa kuwa tulionewa, basi kila bunduki ina haki. Tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Walichimba mzizi gani? Wale vijana hawakutunga sheria yoyote ya hali ya hatari. Na sisi tulifaidi nini? Kwa sababu ya mashambulizi ya namna hiyo walimu wasio wenyeji walianza kuondoka, na mwaka wa 2020 wengi wakahamishwa kutoka kaunti zetu. Anayesema anatupigania huku darasa linabaki bila mwalimu, anampigania nani?

Kwangu mimi, mwenye siasa kali hasa alikuwa marehemu Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir. Miaka ya 1992 na 1993, koo zilipokuwa zikiuana, yeye na akina mama wenzake walianzia sokoni: kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo wake. Kisha wakawaendea wazee. (Hebu fikiria, wanawake kuwaambia wazee wa koo wakae chini wapatane!) Azimio la Al-Fatah likapatikana mwaka wa 1993. Mwaka wa 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na hakuwahi kumlenga mtu bunduki.

Ombi langu kwa chama chetu ni kwamba katika mdahalo ujao tuzungumzie Wagalla na Garissa siku moja, bila kuficha moja ili kutetea nyingine. Mwalimu mlezi, tafadhali usituambie mada hiyo ni kali mno.